Mbuzi Kumi Wazima

8 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujasalimu kwa sababu najua shikamoo yako iko njiani, na kwa mwendo wa dereva wetu itafika mwezi ujao.

Huku hatujambo. Mke wangu magoti yanamsumbua, mdomo hauna tatizo. Anasema amechoka kusalimiwa kwenye mstari wa mwisho wa barua zako kama mtu aliyekumbukwa mlangoni, kwa hiyo umwandikie ya kwake. Mwambie dada yangu, yaani mama yako, kwamba blanketi alilotuma limefika na linatosha watu watatu. Sisi tuko wawili, sijui alikuwa anamfikiria nani.

Wiki iliyopita mkuu mpya wa mifugo wa wilaya alikuja kukagua kituo. Akaona mbuzi wangu kumi zizini na hereni zao za njano masikioni, akauliza imekuwaje bwana mifugo awachanje mbuzi wa watu mpaka mpakani halafu wa kwake wawe hawajachanjwa. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe ulipokuwa darasa la nne na unaishi kwangu. Hawa ni mbuzi walinzi, mali ya serikali. Wanakaa hapa, hatua mia nne kutoka mpakani, bila kinga yoyote, na tunawatoa damu kila mwezi, ili sotoka ya mbuzi ikivuka kutoka ng'ambo iwakute wao kwanza na sisi tujue mapema. Akafikiri kidogo, akasema kumbe kazi yao ni kuugua. Nikamwambia ndiyo, na kazi yangu ni kuandika tarehe. Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Chanjo ya mwezi wa kwanza kwa mbuzi wa wanakijiji ilikwenda vizuri. Kwa siku moja walikuja themanini na nane.

Sampuli kumi za mwezi huu za maabara yenu zimo sandukuni pamoja na barafu, na barua hii iko chini ya kifuniko kama kawaida. Mama yako anauliza kwa nini nisipige simu. Mwambie mtandao unapatikana kwenye tangi la maji tu, ilikotundikwa simu ya kijiji, na ukisema jambo pale, nusu ya kijiji itakusaidia kulijibu.

Mwisho wa Septemba nastaafu. Wameshaniuliza nataka zawadi gani siku ya kuagwa. Nimesema kiti.

Mjomba wako


24 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo. Blanketi anasema mkunje mara mbili na muache maneno. Barua ya mke wako imo ndani ya hii, imefungwa kwa gundi kwa sababu nakufahamu.

Sasa kazi. Januari mbuzi wako kumi walikuwa safi. Februari wote kumi wana kingamwili za sotoka. Nimepima mara tatu. Mara ya tatu nilibadilisha hata kiti nilichokalia.

Unajua kipimo chetu kilivyo. Hakiwezi kumtenga mbuzi aliyeugua akapona na mbuzi aliyechomwa sindano ya chanjo. Damu inasema tu kwamba imekutana nayo. Lakini ugonjwa ukipita zizini humshika huyu kwa nguvu, yule kidogo, na mwingine humruka. Wako wamelingana wote, kana kwamba walipanga foleni. Katika miaka yangu mitatu ya maabara sijawahi kuona ugonjwa wenye nidhamu namna hiyo.

Nikiandika kwamba ugonjwa umeingia, mnada wa mifugo utafungwa siku arobaini na hakuna mbuzi atakayetoka tarafa nzima. Nikiandika kwamba mbuzi walinzi wamechanjwa, wataniuliza na nani, na bwana mifugo anayewachanja walinzi anafukuzwa kazi. Hakuna Septemba wala kiti.

Hakuna anayejua isipokuwa mimi. Sanduku linaondoka huku tarehe pili na litarudi tarehe kumi. Ripoti yangu inatakiwa tarehe kumi na tano. Nataka neno moja tu kutoka kwako.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mke wangu amesoma barua yake mara mbili, akaificha ndani ya debe la unga. Inaonekana mimi ndiye ninayesemwa.

Paa la ofisi limeanza kuvuja tena, upande ule wa kabati la fomu. Nilipanda mwenyewe kuangalia. Mfereji wa bati umeoza pale unapokutana na ukuta, na fundi aliyeuweka mwaka juzi alitumia misumari bila raba, kwa hiyo kila msumari ni tundu. Nimeziba kwa lami ya moto. Nilipokuwa juu niliona mbali sana, mpaka korongo la mpakani, na nikakumbuka ulivyokuwa unapanda hapo kuhesabu mbuzi wa ng'ambo ukiniletea idadi ambayo sikuihitaji. Nimehamisha kabati, nimepanga fomu upya kwa miaka, na nimegundua kwamba za mwaka niliooa hazipo. Mke wangu anasema si bahati mbaya.

Kuhusu lile ulilouliza. Mbuzi wote kumi ni wazima, wanakula, hakuna anayetoa kamasi wala kuharisha. Wewe ndiye mtaalamu wa damu, mimi ni mtaalamu wa kumshika mbuzi asikurupuke.

Sampuli za Machi zimo.

Mjomba wako


18 Machi

Shikamoo Mjomba,

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya mfereji wa bati. Nimeusoma wote nikitafuta neno langu, na sasa najua mengi kuhusu misumari.

Nimewasilisha ripoti. Nimeandika kwamba barafu iliyeyuka njiani na sampuli za Februari zikaharibika. Za Machi nimeziweka kwenye jokofu, sijazipima, kwa sababu sampuli isiyopimwa haina matokeo. Ni mara ya kwanza nimeandika uongo katika daftari lile. Niliuandika kwa mwandiko ule ule wa kila siku, na hilo ndilo lililonitisha.

Dereva wa sanduku ameitwa na mkuu wa maabara. Ameapa kwamba barafu ilifika nzima. Amepewa barua ya onyo. Nilikutana naye kwenye korido akaniuliza kama mimi nilipofungua sanduku niliona maji. Nilimwambia sikumbuki.

Usiniulize kwa nini nimefanya hivyo. Nilifika kwako nina miaka tisa na begi moja, na siku ya kwanza ulinihamishia kitanda chako ukalala kwenye gunia. Mengine kamilisha mwenyewe.

Ila kituo hakiwezi kukaa hivi. Ndani ya sanduku kuna hereni kumi mpya. Tafuta vitoto kumi vilivyozaliwa baada ya Januari, wavishe, hawa wa sasa watoe zizini, na ujaze fomu ya kubadilisha mifugo kwa sababu ya uzee. Fomu hiyo hawaisomagi. Aprili nitapata damu safi na mambo yataishia hapo.

Mpwa wako


12 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mwambie nafikiri juu yake kila usiku, kwa sababu ya joto la blanketi.

Hereni zako nakurudishia zote kumi, pakiti haijafunguliwa. Vitoto vipo. Nilikwenda mpaka kwa majirani nikawatazama, nikachagua hata kumi wenye afya kichwani mwangu, kisha nikarudi nyumbani.

Miaka minne iliyopita, ulipokuwa chuoni, ugonjwa uliingia kweli. Ripoti yangu uliisoma, kila mtu aliisifu. Siku tisa, mbuzi kumi, asubuhi na jioni: joto, macho, kamasi, kinyesi. Tuliwahi kuchanja na mbuzi wa kijiji wakapona. Katika fomu ile hakuna nafasi ya kuandika kwamba dawa ya kuwapunguzia maumivu ilikuwa kabatini na sikuruhusiwa kuigusa, ili dalili zisivurugike. Siku ya sita, mbuzi namba nne alinifuata kutoka zizini mpaka mlango wa ofisi, akasimama ananitazama. Niliandika: anatembea kwa shida. Walikufa wanane. Nilisema moyoni kwamba sitafanya kazi ile tena, halafu nikaifanya miaka minne mingine, nikiomba tu isije.

Chupa ya chanjo ni dozi mia. Ikishachanganywa haikai, baada ya muda ni ya kumwaga. Januari walikuja mbuzi themanini na nane, zikabaki dozi kumi na mbili, na mimi nina mbuzi kumi ukutani pale wanacheua. Niliwachoma harakaharaka kama mtu anayeiba nyumbani kwake. Mbili zilizobaki nikamwaga.

Ndilo neno lako. Limekuja refu.

Septemba ikipita nitamwambia mkuu wa maabara mwenyewe. Naomba uniachie mpaka hapo.

Wafugaji wa ng'ambo wamevuka korongo wiki hii wakifuata majani. Wana mbuzi kama mia tatu, wamepiga kambi karibu na jirani yetu fundi cherehani, yule mama anayeshona sare za shule. Nimewatembelea. Wawili watatu wanakohoa, lakini ni mvua na baridi, hata mimi nakohoa.

Mjomba wako


24 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Huku wote hatujambo.

Nimesoma ukurasa wako juu ya namba nne nikalia, nakwambia ili ujue. Kisha nikasoma mstari wako wa mwisho, machozi yakakauka.

Mbuzi mia tatu wa ng'ambo, wanakohoa, na kati yao na sisi kuna walinzi kumi ambao hawawezi kuugua. Hata ugonjwa ukilala nao zizi moja hawataonyesha kitu. Mjomba, hicho kituo sasa hakioni. Wewe umekifumba jicho moja, mimi nimefumba la pili.

Nenda kwa wale wafugaji kesho. Pima joto, chukua kamasi za puani kwa pamba, zitume. Na umwandikie mkuu wa maabara sasa, si Septemba. Usipoandika wewe, tarehe mosi Mei nitamwambia mimi, na nitaanza na uongo wangu.

Nimejaribu simu ya tangini mara nne. Kila mara alipokea mtu aliyetaka kwanza kujua mimi ni mtoto wa nani.

Mpwa wako


25 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako ya Aprili nimeipata tarehe ishirini na moja Mei. Daraja lilikatika, sanduku lilikaa upande wa pili wiki tatu na ushei. Dereva alilivusha begani.

Ulipoipata simu yangu ya tarehe kumi na tisa maabara, ulisikia idadi tu. Sasa nikueleze. Hadi leo wamekufa mbuzi hamsini na saba. Ni wa wale ambao Januari hawakuletwa, na vitoto vya baadaye. Nimewachukua vipimo waliobaki, viko sandukuni, ingawa huhitaji kipimo. Macho, midomo, kuharisha, yote ni yale yale ya miaka minne iliyopita.

Utauliza kwa nini sikuona mapema. Nimejiuliza pia, na jibu langu ni la kijinga. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita nimeamka, nimekwenda zizini, nimewatazama mbuzi kumi, na wakiwa wazima moyo wangu hutulia, nakwenda kunywa chai. Nilipowaona wafugaji wa ng'ambo wanakohoa, niliondoka nikiwa na wasiwasi. Nikapita zizini. Wote kumi wanakula, macho makavu. Moyo ukatulia. Nikanywa chai. Siku nyingi namna hiyo, Mpwa. Nilijua nilichowafanya, nilikuandikia kwa mkono wangu, na bado nikawaamini.

Fundi cherehani alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Amebakiwa na wawili. Juzi alikuja kituoni, akasimama kwenye uzio akiwatazama wangu. Hakuwa na hasira. Aliniuliza, "Wako uliwapa nini, nami niwape hawa wawili?"

Nilimwambia nitapita kwake. Sijapita.

Kuna jambo sikukuandikia Aprili. Siku ile ya chanjo alikuja, akiwa amechelewa kwa sababu ya sare za watu. Alinikuta nafunga meza. Nilimwambia dawa imeisha, na ilikuwa imeisha kweli. Nilimwahidi kwamba chanjo itarudi Aprili. Haikurudi.

Chini ya hii kuna barua ya kwenda kwa mkuu wa maabara. Nimeandika yote niliyofanya, nimetia sahihi. Wewe sikukutaja. Nimesema barafu iliyeyuka kwa uzembe wangu wa kufunga sanduku. Barua zako nimezichoma jikoni, mke wangu akasimama pembeni akichochea moto. Mpe barua hiyo na unyamaze.

Mjomba wako


30 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimempa. Ameisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Alipofika kwenye barafu nilimwekea mezani daftari la Machi na sampuli zako kutoka kwenye jokofu, nikamwambia pale Mjomba wangu amedanganya, mwongo ni mimi.

Nimesimamishwa kutia sahihi matokeo mpaka kamati ikae. Jina lako nalo limekwenda kwenye kamati. Mkuu alisema hataficha kitu, akasema pia kwamba ripoti yako ya miaka minne iliyopita bado anafundishia wanafunzi. Alisema yote mawili kwa sauti ile ile. Onyo la dereva limefutwa. Nilikwenda kumwomba radhi akiwa anafuta kioo cha gari. Akaniambia alijua kwamba nadanganya siku ile ile kwenye korido, kwa sababu mtu aliyezoea kuhesabu chupa hawezi kusahau maji. Akaendelea kufuta.

Usijibebeshe peke yako. Nilikwambia tarehe mosi Mei nitasema. Tarehe mosi nilikwenda mpaka mlangoni kwa mkuu. Alikuwa ana mgeni. Nikarudi mezani kwangu nikajiambia kesho, na kesho nikajiambia labda umeshaandika, barua iko njiani. Kutoka pale mpaka simu yako ni siku kumi na nane. Siku hizo ni zangu, na nimeziandika katika maelezo yangu.

Timu ya chanjo inakuja Jumanne kwa gari mbili, ndiyo inayokuletea hii. Mama anajua yote. Ameniuliza kama huko kwenu kuna baridi.

Hukuniambia utamjibu nini fundi.

Mpwa wako


6 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mke wangu hajambo. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe ananiletea chai bila kusema kitu, na inanitisha kuliko kamati.

Timu imefika na imefanya kazi nzuri. Mpaka jana walikuwa wamechanja mbuzi mia saba na kidogo, pande zote mbili za korongo, maana wenzetu wa ng'ambo nao wametuma watu wao. Vifo vimepungua. Juzi alikufa mmoja, jana hakuna. Mkuu wa mifugo wa wilaya amechukua funguo za kituo. Aliniomba kwa adabu, akasubiri nikizitoa moja moja kwenye mkufu, akaniuliza ipi ni ya nini. Mbuzi kumi wamekatwa hereni na kupelekwa kwingine. Zizi limepuliziwa dawa, watakuja wengine na atakayewaandika ni mwingine. Sikuona uchungu kama nilivyotarajia. Niliona uchovu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa fundi. Nilimkuta kwenye cherehani, anaunga makwapa ya sare. Niliomba kukaa, akanisogezea kiti kwa mguu bila kuacha kushona. Nikamweleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika ripoti. Mbuzi walinzi ni nini na kwa nini hawachanjwi. Chupa, dozi mia, waliokuja, zilizobaki, nilizifanyia nini. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimeshayajibu kichwani karibu yote. Hakunitukana. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Wako uliwachoma saa ngapi?"

"Saa sita."

"Mimi nilifika saa saba."

"Ndiyo."

Akakata uzi kwa meno. Akahesabu kwa sauti ndogo, mia toa themanini na nane, kisha akawahesabu mbuzi wake kwa majina, mmoja mmoja, mpaka kumi na mmoja. Nilimwacha amalize.

Halafu akaniuliza kama dawa ile, kwa saa ile aliyofika yeye, ingekuwa bado ina nguvu.

Huku hakuna mtu mwingine anayejua hesabu hiyo, Mpwa. Timu haikuulizwa, wewe hukuwepo. Chanjo ikichanganywa ina saa mbili, na mimi niliichanganya saa tano na nusu. Ningeweza kumwambia kwamba ilikuwa imeshakufa, akalala akijua kwamba hakukosa kitu, nami nikalala pia. Nilikaa nikiutazama mkono wake juu ya gurudumu.

Nikamwambia ilikuwa na nusu saa mbele yake.

Mjomba wako